Udongo, Mbegu na Maji: Kazi za Vitendo katika Darasa la Awali Hapa Dodoma

Kila mwaka ifikapo mwezi wa pili, wazazi wa watoto ninaowafundisha darasa la awali, katika shule ya msingi iliyo pembezoni mwa Jiji la Dodoma, huanza kufungua mabegi ya watoto wao na kuniuliza swali lilelile: mtoto anakwenda shule kila siku, mbona daftari lake halina kitu? Ni swali la haki. Mzazi amenunua daftari, penseli na kifutio, ameshonesha sare, anaamka alfajiri kumwandaa mtoto, na kwa desturi tuliyoizoea sote tangu tukiwa wanafunzi, ushahidi wa kusoma ni maandishi yaliyosahihishwa kwa wino mwekundu. Naandika hapa kwa kirefu jibu ambalo pale getini huwa sipati muda wa kulimaliza, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mtoto wa miaka mitano anayefinyanga, anayepima, anayepanga na anayemimina anajifunza mambo ambayo kunakili herufi kutoka ubaoni hakuwezi kumpatia.

Nianze na mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8, lakini mtoto anapozaliwa sehemu hiyo ni gegedu, yaani kitu laini ambacho bado hakijawa mfupa, na mifupa hiyo hukomaa mmoja baada ya mwingine kadiri miaka inavyokwenda, kiasi kwamba mtoto anapoingia darasa la awali kazi hiyo bado inaendelea. Misuli midogo ya vidole nayo huhitaji muda na matumizi. Kwa hiyo mtoto anayeikamata penseli kwa ngumi, anayekandamiza hadi ncha inakatika na karatasi inatoboka, au anayechoka baada ya mstari mmoja na kuanza kumchokoza jirani yake, mara nyingi si mkaidi wala si mzito wa kuelewa, bali anadaiwa kazi ambayo mkono wake haujawa tayari kuifanya. Kumwongezea kurasa za kunakili si dawa. Dawa ni kumpa kazi zinazoimarisha vidole hivyo, na kazi za namna hiyo huku kwetu zimejaa tele.

Kazi ninayoitegemea kuliko zote ni ufinyanzi. Udongo mzuri tunaupata kwenye kichuguu kilicho nyuma ya uwanja wa shule, ambacho mchwa wamekihama zamani. Kwanza tunauponda na kuuchekecha ili kuondoa kokoto na mizizi, kisha tunauloweka kwenye ndoo usiku kucha, na asubuhi tunaukanda hadi ushikane bila kunata mikononi. Unaobaki tunaufunika kwa gunia lililoloweshwa ili usikauke kabla ya kesho yake. Hatua zote hizo watoto wanashiriki, kwa maana kuponda na kukanda ni mazoezi ya bega na kiganja, na vidole havitulii ikiwa bega lenyewe halina nguvu. Watoto wanaotoka katika nyumba za wafugaji hawahitaji kufundishwa cha kufinyanga. Unamwona ng'ombe akitokea mbele yako, nundu ikibinywa kwa kidole gumba na cha shahada, pembe zikichongolewa kwa ncha za vidole vilevile ambavyo baadaye vitaishika penseli. Mtoto mmoja, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akijibu maswali yangu kwa kutikisa kichwa tu, alifinyanga zizi zima kisha akanieleza yupi amezaa, yupi ana mimba na yupi ni mkorofi anayepiga wenzake, kwa sentensi ndefu ambazo sikuwahi kuzisikia kutoka kwake.

Baada ya ng'ombe na vyungu tunaingia kwenye kamba. Mtoto anaviringisha donge la udongo juu ya kipande cha ubao hadi liwe kamba nyembamba yenye unene ulio sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo linalomlazimu kutawala nguvu ya viganja vyote viwili kwa pamoja. Kamba hiyo ndiyo tunayoipinda kuwa duara, nusu duara na mistari, na kwa kuunganisha duara na kijiti kifupi mtoto anaunda herufi a kwa mikono yake kabla hajaiandika. Hatua inayofuata ni kuandika kwa kidole juu ya mchanga uliotandazwa kwenye boksi lililokatwa kando, ambako kukosea hakuachi alama ya kudumu. Unatikisa boksi, unaanza upya. Sambamba na hayo tunazo herufi za kupapasa, tulizozitengeneza kwa kuchora herufi kwa gundi kwenye vipande vya maboksi na kuzinyunyizia mchanga wa korongoni. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitumia herufi zilizokatwa kwenye msasa kwa kusudi hilohilo: kidole kinapopita juu ya herufi, mkono unajifunza njia ya herufi hiyo, jicho linaliona umbo lake, na mdomo unaitamka sauti yake, vyote kwa wakati mmoja. Mchanga wetu hauna gharama yoyote, na kwa kazi hiyo sijaona tofauti kati yake na msasa.

Upande wa hesabu ndiko ambako kazi za vitendo zinaonesha umuhimu wake waziwazi zaidi. Watoto wengi huja shuleni wakiwa wanaweza kuimba moja, mbili, tatu hadi ishirini bila kukwama, na nyumbani wanapigiwa makofi kwa hilo. Lakini ukimpa mtoto huyo bakuli la mbegu za ubuyu na kumwambia, "Nipe mbegu sita," anachota konzi nzima na kukukabidhi. Anaufahamu wimbo, bado hajaifahamu idadi. Ili aifahamu, anapaswa kugusa mbegu moja na kutamka namba moja, asiiruke mbegu wala asiihesabu mara mbili, na mwishoni atambue kwamba namba ya mwisho aliyoitamka ndiyo jumla ya mbegu zote zilizo mbele yake, hata zikitawanywa au kupangwa upya. Ufahamu huo hauingii kwa kuandika 6 mara hamsini. Unaingia kwa kuhesabu vitu halisi, tofautitofauti, siku baada ya siku: leo mbegu, kesho vizibo, keshokutwa vikombe vya uji vinavyotakiwa kutosha watoto wote wa kundi. Mimi huanza na kitu, nikafuata picha ya kitu, na tarakimu huja mwisho kabisa, wakati mtoto tayari anajua inasimama badala ya nini.

Tena tunao mdako, mchezo ambao bibi zetu waliucheza na ambao nasikitika kuona baadhi ya walimu wakiwafukuza watoto wanapoucheza wakidhani ni uzururaji. Watoto huchimba kishimo kidogo, hujaza kokoto, kisha mchezaji hurusha kete moja juu, na kabla haijatua huzikumba kokoto nje kwa kiganja na kuidaka kete ileile. Anairusha tena, na safari hii anazirudisha shimoni zote isipokuwa moja, ambayo ndiyo faida yake. Mzunguko unaofuata anabakiza mbili, kisha tatu. Mtoto asiyejua kuhesabu hawezi kuucheza, kwa sababu wenzake wanamkagua kwa ukali kuliko mwalimu yeyote, na macho, mkono na hesabu vyote vinafanya kazi katika muda wa kete kupanda na kushuka. Watoto wa awali hawaumudu wote kwa kasi ya watoto wakubwa, hivyo nawaanzishia kwa kokoto chache na kete nyepesi, na wanaokwama nawaruhusu kudaka kwa mikono miwili.

Kuhusu maji ningependa kueleza kwa makini kidogo, kwa kuwa hapo ndipo mwalimu anapojaribiwa kuharibu kazi kwa haraka yake. Tunatumia chupa za plastiki zinazoonesha ndani, moja nyembamba na ndefu, nyingine pana na fupi, pamoja na kifuu cha ubuyu kilichokatwa na kusuguliwa vizuri kuwa kata ya kupimia. Mtoto anamimina kata tatu katika chupa ya kwanza na kata tatu katika ya pili, akihesabu kwa sauti, na wenzake wanaona. Halafu nauliza ni ipi yenye maji mengi. Karibu wote wananionesha chupa nyembamba, na mmoja hunieleza kwa uhakika, "Mwalimu, hii ni mengi, ona yamefika juu." Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alilichunguza jambo hilihili kwa miaka mingi na kuonesha kwamba mtoto aliye chini ya takribani miaka saba huongozwa na kile anachokiona kwa wakati huo, urefu wa maji, wala hazingatii kwamba hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Kumwambia kwamba amekosea hakumsaidii. Atakariri jibu langu ili kuniridhisha na kubaki na imani yake moyoni. Kinachomsaidia ni swali: tufanye nini ili tujue? Mtoto mmoja atapendekeza kuyamimina maji yote tena kwenye kata na kuhesabu upya, wanafanya hivyo, wanapata tatu na tatu, wanashangaa, na mara nyingi wanataka kurudia. Wengine bado watasema chupa ndefu ina mengi. Nawaacha. Tutarudi tena na mchanga, na mtama, na chupa nyingine, kwa sababu ufahamu huu hujengwa na wingi wa matukio ambayo mtoto ameyafanya mwenyewe. Kwa kuwa maji Dodoma si kitu cha kuchezea, hatumwagi hata tone: tunafanyia kazi juu ya beseni, na mwisho wa kipindi maji yote yanakwenda kwenye miche ya miti tuliyoipanda mbele ya darasa, ambayo kila kundi lina mche wake.

Swali la mwalimu, basi, ni sehemu ya kazi kama zilivyo mbegu na chupa. Nimewahi kuona madarasa yaliyojaa vifaa vizuri ambamo watoto wanashikashika tu bila kuulizwa jambo, na muda ukiisha vifaa vinarudishwa kabatini vikiwa havijamfundisha mtu. Mtoto anapopanga vizibo, namuuliza kwa nini hiki amekiweka huku na si kule; akiwa amepanga kwa rangi namuuliza kama kuna namna nyingine ya kuvipanga; akijenga mnara wa viboksi ukaanguka, namuuliza anadhani kipi kingekaa chini. Hapo ndipo lugha inapokua. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, darasa langu limekuwa na watoto wa watumishi waliotoka mikoa mingine, ambao hawajui lugha nyingine isipokuwa Kiswahili, wakikaa mkeka mmoja na watoto ambao nyumbani wanasema Kigogo au Kirangi na wanakuja wakiwa na maneno machache tu ya Kiswahili. Kwa maelezo ya mdomo peke yake, kundi la pili lingebaki nyuma kuanzia wiki ya kwanza. Lakini mtoto akiwa ameshika kata mkononi, akamimina, akaona imejaa, akaambiwa "imejaa", akamwaga nusu, akaambiwa "imebaki nusu", neno linamkaa pamoja na tendo. Anayetaka kunieleza kwa lugha ya nyumbani kwanza namsikiliza, kisha mwenzake mmoja hutusaidia kwa Kiswahili, na sote tunaendelea.

Wapo walimu wenzangu ambao huniambia kwamba haya yote ni mazuri kwa madarasa yenye watoto wachache. Hoja yao ina uzito. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 inataja mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika elimu ya awali, na tangu ada ilipoondolewa kuanzia mwaka 2016, madarasa mengi ya awali yamekuwa na watoto wengi mno kuliko idadi hiyo. Hata hivyo, kadiri watoto wanavyokuwa wengi ndivyo somo la ubaoni linavyozidi kuwafikia wa mbele tu, hivyo wingi wao kwangu ni sababu ya kuwagawa na si ya kuacha kazi za mikono. Nagawa makundi, na katika kila kipindi ni kundi moja tu linalopewa kazi mpya inayohitaji macho yangu, kama vile kupima maji. Makundi mengine yanafanya kazi ambazo tayari yanazimudu, moja likifinyanga chini ya mwarobaini, jingine likipanga vizibo kwenye mkeka, jingine likiwa kwenye kona ya lugha na picha zilizokatwa kwenye magazeti. Wimbo ndio kengele yetu ya kubadilishana, na watoto wanajua kwamba wimbo ukianza kila kifaa kinarudi kwenye kopo lake kabla ya mtu kuinuka. Kukusanya huko nako ni somo la kupanga, na sikubali mtu mzima alifanye kwa niaba yao.

Usalama unahitaji msimamo. Maharage na mbegu ndogo sitoi kwa watoto ambao bado wanatia vitu mdomoni au puani, na maharage yana hatari ya ziada, kwa sababu yakiloa ndani ya pua yanavimba. Vizibo vya soda tunavigonga kwa nyundo hadi kingo zilale, vinginevyo vinakata. Mbegu za mbarika na za mbono, ambazo watoto huziokota kwa kuwa zinang'aa na zinavutia, ni sumu, na nimewaonesha watoto kwa macho ili wazitambue na waziache. Chupa yoyote iliyowahi kutiwa dawa ya kunyunyizia zabibu au alizeti haiingii darasani hata ikioshwa mara kumi, na naomba hili lieleweke kabisa, kwa sababu katika maeneo ya mashamba chupa hizo ni nyingi na zinaonekana safi. Tena kuna jambo moja ambalo najua baadhi ya wenzangu hawakubaliani nami: siruhusu mchele, mahindi au choroko kubandikwa kwa gundi kwenye karatasi za manila kuwa mapambo. Mkoa wetu una miaka ya ukame, wapo watoto wanaokuja asubuhi bila kutia kitu tumboni, na mtoto huyo hapaswi kukalishwa mbele ya chakula kilichoharibiwa ili ukuta upendeze. Mbegu tunazohesabia zinarudi kwenye kopo, na zile za mtama tunazipanda mvua zikianza Desemba, kabla hatujafunga shule, nazo hutukuta Januari zikiwa zimeota.

Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaja umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao unasisitiza mtoto kujifunza kwa kutenda na kwa michezo. Ukiitazama kazi moja ya kufinyanga ng'ombe, kuwahesabu, kugawana udongo na mwenzako, kueleza zizi lako na kunawa mikono baadaye, utaona umahiri karibu wote umeguswa katika asubuhi moja. Kwenye andalio la somo naandika hivyo bila wasiwasi, na ninalo daftari langu ambamo naandika jina la kila mtoto, kazi aliyoifanya, alichokisema na alipokwama. Mzazi anayetaka kujua maendeleo ya mtoto wake namfungulia daftari hilo. Madaftari ya watoto nayo hutoka kabatini kwa wakati wake, wakati mtoto anaposhika penseli kwa vidole vitatu, anapofuatisha herufi ya mchanga bila kuelekezwa pa kuanzia, na anapoweza kunipa mbegu sita pale ninapomwomba sita.

Nyumbani kazi hizi zinaendelea bila kununua kitu. Mpe mtoto mahindi apukuchue. Hakuna zoezi la kidole gumba linalolishinda hilo. Mwache abangue karanga, achambue choroko, aweke kijiko kimoja katika kila sahani na akuambie kama vimetosha au vimepungua na vimepungua vingapi. Anapofunga vifungo vya shati lake, mvumilie hata kama mnachelewa. Na kwa wale wa shuleni kwetu wanaouliza walete nini, tunahitaji makopo yenye mifuniko, mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, maboksi makavu na vifuu vya ubuyu vilivyokatwa nusu. Zaidi ya hayo, tunamhitaji bibi au mama anayejua kusuka ungo, atakayeweza kukaa na kundi moja asubuhi moja, wakati ule ambapo shughuli za shamba zimepungua.